Ayeeyo wangu alivyogoma kupanda helikopta, mafuriko ya El Niño kule Ijara

Wakuu, asalaam aleikum na heshima kwenu. Leo nina stori ya nyumbani. Sijaongeza chumvi, maana mwenye stori mwenyewe alikuwa na chumvi ya kutosha.

Naye ni ayeeyo wangu, yaani bibi kwa Kisomali. Ndiye aliyenilea, kwa upendo na kwa fimbo.

Mwisho wa 97, mto Tana ulivunja kingo. Sisi tuliozoea kuomba mvua tukaanza kuomba ikome.

Mimi nilikuwa Garissa mjini, mkalimani wa watu wa misaada. Pale airstrip ungeshangaa. Mahindi ya nchi hii, mahema ya nchi ile, helikopta ya nchi nyingine, rubani mzungu wa huko kwenye barafu, na nesi wetu wa Nyeri, Wambui, akiwapigia wote kelele. Na kazi ilienda!

Ayeeyo alikuwa amekwama upande wa Ijara, kwenye kamwinuko kadogo, na majirani na mbuzi waliobaki. Maji yanapanda. Usingizi ulikuwa umenihama. Siku tulipopangiwa upande ule, nilimshukuru Mungu kwa sauti.

Tukafika, mimi, Wambui na yule rubani mzungu, na hapo hapo tukakosea.

Rubani alitua karibu mno na nyumba ya ayeeyo. Nyumba zetu ni fito na mikeka, wakuu. Upepo wa yale mapanga ukang'oa mikeka yote, nyumba ikabaki mbavu.

Ayeeyo akakaa chini. Mimi akaniangalia kama niliyemletea wezi.

"Shosho, panda haraka, maji yanafika!" Wambui akamwambia.

Akajibiwa kwa Kiswahili cha ayeeyo, kisichojua p wala v: "Yeye habana ingia nyumba yangu, nabomoa tu. Mimi nabanda ndege yake fibi?"

Majirani nao wakakaa chini. Yeye ndiye mkubwa wao, asipopanda hapandi mtu. Na kwetu mgeni haondoki mdomo mkavu. Utamfuataje mtu hewani kama hajaonja hata maji yako?

Nikamweleza rubani, nikijua atacheka.

Aliangalia maji, akaangalia ile mikeka. Akazima injini.

Kisha akaanza kuiokota. Akaifunga upya, vibaya kabisa, ayeeyo akimrekebisha kwa fimbo. Wakati huo maji yameshagusa ua wa miiba. Mtu anatengeneza nyumba inayokwenda kuzama! Nililia wakuu, sioni haya kusema.

Rubani akavua viatu, akaingia, akaketi. Akapewa chai ya maziwa ya mbuzi, iliki, na sukari ya kuozesha meno. Aliinywa ikiwa moto vile vile, macho yamemtoka.

Ayeeyo akaniambia nimuulize kama mama yake yuko hai. Yuko.

"Haya, twendeni," akasema, akaanza kusukuma watoto wa majirani waingie kwanza.

Ndege ilienda ikarudi mpaka watu wote wakatoka. Mbuzi hawakupata nafasi, na hilo lilimuuma sana. Tulipoinuka safari ya mwisho, nyumba yake ilikuwa imesimama ndani ya maji, mikeka imefungwa kizungu. Ayeeyo alishika kola ya rubani kwa nyuma, hakuiachia mpaka Garissa.

Funzo langu ni dogo. Nchi zilishikana mikono, sawa, na bila hivyo tungezika watu. Lakini aliyekwama pia ana nyumba, na ana heshima yake. Ingia kwake kama mgeni, atakufuata.

Ayeeyo alishatangulia mbele ya haki. Mpaka mwisho, katika dua zake alitaja wanawe mmoja mmoja, halafu akaongeza, "na yule mtoto wa ndege, mama yake asimlilie."

Haya, semeni nanyi mliopitia maji yale. Nani aliwatoa, na mlimpa nini anywe?