Ram Niliyoilazimisha

Kaka yangu hakuwahi kununua spea bila sampuli. Kwa zaidi ya miaka thelathini alikuwa fundi wa mashine za kusaga huku vijijini Ufipa, na beringi ikifa alikuwa anaitoa, anaifuta grisi, anaifunga kwenye kitambaa na kumkabidhi kondakta wa basi aipeleke kwa muuzaji. Muuzaji anaitazama, anatoa inayofanana nayo, zinarudi zote mbili ndani ya kitambaa kilekile. Mafundi wa huku wote ndivyo wafanyavyo. Mimi niliona ni ushamba, na nilimwambia hivyo, maana mimi kitu kikinikaa kooni sikimezi.

Alikuja kuishi kwangu mjini, mtaa wa Majengo, mwaka jana wakati wa baridi. Mkewe alikwisha kufariki. Umeme ulipofika kijijini watu walinunua mashine za mota, na zile za dizeli alizozihudumia zikanyamaza moja baada ya nyingine. Nilimbembeleza miaka miwili. Kule alikuwa anakula ugali wa jana peke yake kwenye nyumba inayovuja, na kifua kinambana kila upepo ukivuma. Kila mara alinijibu kwamba hawezi kuja kukaa kwa mdogo wake kama gunia. Siku aliposhuka na begi lake nilifurahi kama mtoto, nikaenda mnadani kwenye mitumba nikamchagulia koti zito. Nilitaka abaki. Nilikuwa nimeshawazika wazazi wetu wote wawili, na yeye ndiye aliyekuwa amebaki.

Nina duka dogo la steshenari, chumba cha mbele cha nyumba yangu. Nachapa barua, natoa fotokopi, napiga picha za pasipoti. Kompyuta yangu ya mezani niliinunua ikiwa imeshatumika, ofisi moja ilipokuwa inauza vitu vyake vya zamani. Kwa barua haikuwa na tatizo. Shida ilianza mwalimu mkuu mmoja aliponipa kazi ya kuchapa mitihani ya majaribio ya darasa la saba kwa shule za kata yetu. Mitihani ina michoro: mara pembetatu, mara ramani, mara mmea na mizizi yake. Nikiweka mchoro wa tatu, mashine inaganda. Unabonyeza, unasubiri, unakwenda kukoroga uji, unarudi, bado imekukodolea macho.

Fundi simu wa jirani akaniambia mashine ni nzima, ila ram ndiyo ndogo, giga moja tu. Ram ni kile kibamba chembamba chenye meno ya rangi ya dhahabu kinachochomekwa kwenye mfereji wake ndani ya kasha. Kompyuta hushikia hapo kazi iliyo nayo mkononi, na ikiwa ndogo, kazi inamwagika. Ndani mwa kasha langu kulikuwa na mifereji miwili, mmoja una ram na mwingine mtupu. Nikajiambia hapa sihitaji fundi. Naagiza nyingine Mbeya, nachomeka, kwisha.

Nikampigia muuzaji. Akaniuliza mashine yangu inatumia ram ya kizazi cha ngapi.

"Kwani zinazaa?" nikamuuliza.

Akacheka. Akanieleza kwamba kuna za pili, kuna za tatu, na haziingiliani. Nikasema ya tatu, kwa sababu tu tatu ni kubwa kuliko mbili. Wallahi, hiyo ndiyo hesabu niliyoipiga.

"Una hakika, mama? Fungua kasha, piga picha ya iliyomo unitumie."

"Nina wateja hapa, ndugu yangu. Wewe tuma."

Kaka alikuwa kwenye benchi anatafuna mahindi ya kuchemsha. Akaniambia taratibu, "Mdogo wangu, spea hainunuliwi kwa mdomo. Chomoa hiyo ya zamani, nitampa kondakta."

"Ili mimi nichape na nini? Hii si beringi, kaka. Hii ni kompyuta."

Akarudi kwenye mahindi yake.

Ram mpya ikaja kesho yake na basi. Nilizima mashine, nikatoa ile ya zamani, kaka akazilaza zote mbili juu ya karatasi nyeupe. Urefu mmoja, upana mmoja. Nikamtazama kwa ushindi. Yeye akapitisha ukucha kwenye meno ya moja, kisha ya nyingine. Kila ram ina pengo dogo katikati ya meno yake, na ndani ya mfereji kuna kijiti kinachoingia kwenye pengo hilo.

"Hili pengo limehama," akasema. "Si mahali pake."

Lilikuwa limesogea kwa upana wa punje moja ya mahindi. Nikamwambia viwanda havifanani. Nikairudisha ya zamani mahali pake, nikaielekeza mpya kwenye mfereji mtupu. Ikagoma. Nikaweka vidole gumba viwili nikakandamiza.

"Usiilazimishe. Kitu chenye mahali pake huingia chenyewe."

Dirishani walikuwa wamesimama wateja wawili wanasubiri fotokopi, wananitazama. Sikutaka kufundishwa kompyuta mbele yao na mzee wa mashine za dizeli. Nikakandamiza kwa nguvu zote. Kah! Mdomo wa mfereji ukapasuka, na kipande cha plastiki kikaruka hadi sakafuni.

Aibu niliyoisikia pale sijui niieleze vipi. Ilipanda kutoka miguuni, na ilipofika kinywani ikatoka ikiwa matusi.

"Umeniloga na maneno yako! Hapa hatusagi pumba! Wewe umekuja kula tu hapa, basi kula unyamaze!"

Wateja waliinamisha vichwa. Kaka aliokota kile kipande cha plastiki, akakiweka mezani mbele yangu, akasema, "Sawa." Basi. Laiti angenijibu, angenitukania hata mama yetu, ningepumua. Jioni alikula matonge mawili akanawa. Nilijua kabisa natakiwa kumwomba radhi. Nikasema nitamwomba kesho.

Kesho yake kitanda kilikuwa kimetandikwa, begi halipo. Koti nililomnunulia lilikuwa limetundikwa kwenye msumari.

Nikaenda dukani nikawasha mashine. Ikalia tii, tii, tii, skrini nyeusi. Nikafungua kasha: ile ram ya zamani, ambayo ndiyo pekee iliyokuwa inafanya kazi, haimo. Nikajua ameichukua kunikomoa. Nilimsema pale peke yangu kama mwehu. Mzee mzima, mvi hizo, anachomoa ram ya watu alfajiri!

Saa nne mwalimu mkuu akaja kuangalia mitihani imefikia wapi. Nikamwonyesha kasha lililo wazi. Hakunigombeza. Akachukua flashi yake na karatasi zake, akasema, "Mama, watoto hawasubiri," akavuka barabara kwenda duka lingine.

Kufika mchana hasira ilikuwa imekwisha, imebaki hofu. Nikampigia kaka, simu haipatikani. Nikampigia shangazi kijijini, akaniambia hajamwona, kisha akaniuliza nimemfanya nini. Yaani hakuuliza kaka amefanya nini. Aliuliza nimemfanya nini. Nilikwenda nikalishika lile koti, nikalia. Upepo wa siku ile ulikuwa wa kukata masikio, na mtu mwenye kifua kile alikuwa njiani na shati tu.

Sikufungua duka asubuhi iliyofuata. Nilikwenda stendi kuulizia magari ya kijijini, nikaambiwa hakupanda. Nikarudi, nikafungua mchana, nikawa natoa fotokopi, maana mashine ya fotokopi haina haja na kompyuta. Kwenye saa kumi walikuwepo wateja watatu dirishani, mmoja wao bibi mwenye cheti cha ubatizo cha mjukuu wake. Nikainua macho, nyuma yao amesimama kaka na begi lake, midomo imemkauka kwa baridi.

Wateja wakampisha. Akaweka kitambaa kilichofungwa juu ya kaunta.

"Hiyo ya zamani, na hiyo ndugu yake," akasema. "Ni za kizazi cha pili. Mpya ni giga mbili. Nililinganisha pengo, na muuzaji akanisomea maandishi, yakakubaliana."

"Ulikwenda Mbeya?"

"Basi liliharibika njiani, nikafika jioni, wamefunga. Nikalala kwa fundi mmoja wa zamani. Simu iliishiwa chaji Tunduma."

"Kwa nini hukumpa kondakta?"

"Angeipoteza. Na hiyo ndiyo uliyobaki nayo."

Sikuweza kumtazama. Nilifungua kitambaa, nikachukua ram mpya, nikaielekeza kwenye mfereji uliosalia. Pengo likakutana na kijiti. Nikagusa kidogo tu, ikazama, vishikio viwili vikajifunga vyenyewe. Nikawasha. Nikafungua ukurasa nikaweka pembetatu, ramani, na mmea. Ilikwenda bila kusitasita. Kazi ya mitihani ilikuwa imeshavuka barabara na mwaka ule haikurudi, lakini mashine ilikuwa inakimbia.

Nilipogeuka, bado alikuwa amesimama nje, begi mkononi.

"Ingia basi, kaka," nikamwambia chinichini.

Hakusogea. "Mimi nilishakusamehe njiani, tangu basi lilipopita Laela. Lakini ulinitoa mbele ya watu, mdogo wangu. Usinirudishe kwa kunong'ona. Ukiona huwezi, kuna gari la kijijini saa kumi na moja."

Nikafungua mlango wa pembeni nikatoka. Nikasimama mbele yake, wateja wote wananitazama.

"Jamani, huyu ni kaka yangu," nikasema. "Juzi, hapa hapa, nilimwambia amekuja kula tu. Nilisema uongo. Mimi ndiye niliyevunja mashine, na yeye ndiye aliyekwenda Mbeya na shati kuitafutia dawa. Kaka, nimekukosea. Nisamehe. Hapa ni kwako."

Yule bibi akamgusa kaka mgongoni na kile cheti. "Haya, baba, umesikia. Ingia ndani, sisi tunataka fotokopi zetu."

Kaka akacheka, akakohoa, akainama kwenye ule mlango mfupi akaingia. Nikarudi kwenye kaunta, nikapokea cheti cha bibi. Nilikuwa bado sijakiweka kwenye mashine aliponiita kutoka ndani, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani:

"Mdogo wangu! Chakula kipo?"