Shavu la Mchekeshaji

Juzi, kwenye kliniki ya meno hapa mtaa wa Ruwi, aliingia bwana mmoja kashika shavu limevimba kama andazi. Karani wa mapokezi, Mhindi Mtamil, alipomwona tu akaangua kicheko. Wagonjwa wawili wakatoa simu kumpiga picha. Bwana akajionyesha mdomoni kwa kidole, akagumia. Wakazidi kucheka.

Bibi mmoja wa mtaa wa Al Amerat aliyekaa ubavuni pangu akaniuliza, "Mwanangu, wanamcheka nini?"

Nikamuuliza karani, nikamfasiria bibi: huyu alianza kwa kuchekesha watu jukwaani, sasa anaigiza filamu za Kitamil, na kuvimbisha shavu ndiko kulikompa jina.

"Na hili la leo kalivimbisha mwenyewe?"

"Hapana, bibi. Jino."

"Basi leo hayupo kazini. Mwacheni augue!" Akayarudia kwa Kiarabu. Akainuka, akampa bwana yule kikaratasi chake cha zamu, atangulie yeye.

Mashabiki tele, na aliyemhurumia ni mmoja asiyemjua.

Mimi simu nilikuwa nimeshaitoa. Nikajidai natazama saa humo, na saa kubwa ya ukutani iko mbele ya macho yangu.