Filta ya Daktari Wepukhulu

Jotham Wepukhulu hakuwa daktari. Alikuwa afisa wa afya ya umma mjini Kitale, mwenye diploma moja na koti jeupe moja, lakini wenye hoteli walipomwita daktari hakuwahi kuwasahihisha. Kazi yake ilikuwa kukagua vibanda vya chakula, na aliifanya kama mtu aliyetukanwa na kila sufuria. Alichungulia chini ya meko, akanusa matambara, akapitisha kidole juu ya rafu na kukitazama kwa huzuni. Mwezi wa nane alifunga hoteli ya Wakonyo kwa siku tatu, sababu ikiwa punje nne za kinyesi cha panya nyuma ya gunia la unga. Wakonyo, mjane aliyeuza chapati na maharagwe ya madondo karibu na stendi, alimwomba ampe hadi jioni asafishe.

"Panya hawamalizwi kwa siku moja, mama," alisema, akabandika karatasi mlangoni.

Yeye mwenyewe hakula kwa mtu. Chakula chake cha mchana kilikuwa njugu zilizokaangwa nyumbani, ambazo alizimwaga ndani ya kile kisanduku cha gari kilicho mbele ya abiria, juu ya rundo la fomu zake za ukaguzi.

Gari lenyewe lilikuwa dogo na kuukuu, la rangi ya maziwa yaliyoganda. Msimu wa kuvuna mahindi ulipoanza na vumbi kutanda barabara ya kwenda mji wa Kwanza, likaanza kunuka. Ukiwasha feni, harufu ilikupiga usoni moja kwa moja. Wepukhulu, ambaye kazini angechunguza kijiko kwa robo saa, hapa hakuhitaji uchunguzi wowote. Mkewe Lenah aliuza omena, wale dagaa wa ziwani, katika soko la Kwanza. Mkosaji alikuwa amepatikana.

"Mama Joy, omena zako zimeingia kwenye viti."

"Omena nabeba nyuma kwa buti ya gari, Baba Joy. Ndani ya debe, na kifuniko."

"Harufu haijui kifuniko."

Tangu siku hiyo Lenah alienda sokoni kwa bodaboda, debe mapajani, akila vumbi njia nzima, na asubuhi nyingine mumewe alimpita barabarani akampigia honi ya salamu. Wiki tatu zikaisha hivyo. Harufu haikupungua, ilizidi. Wepukhulu akasema hayo ni mabaki.

Aliyemfungua macho ni Gicheru, muuza vipuri ambaye duka lake lilitazamana na hoteli ya Wakonyo. Aliingiza kichwa dirishani mwa gari, akakitoa haraka.

"Hiyo ni filta ya ndani, daktari. Ile inachuja hewa unayopumua. Uliibadilisha lini?"

Wepukhulu hakujua kwamba gari lina kitu kama hicho. Akajibu kwamba huibadilisha mara kwa mara.

Gicheru akamletea mpya ya shilingi mia saba. Fundi angeifunga kwa mia tatu. Hiyo mia tatu ilimchoma Wepukhulu kifuani. Alisimama kwenye kivuli cha duka, akatazama video ya dakika nne kwenye simu, na ilipoisha alikuwa fundi.

Ilikuwa saa saba mchana, na meza za Wakonyo zilikuwa zimejaa hadi nje. Wepukhulu hakuona vibaya kuwa na hadhira.

"Mafundi wanawala bure kwa sababu mnaogopa kufungua kisanduku," aliwaeleza. "Hii ni kazi ya dakika tano."

Akatoa fomu na njugu, akabana kisanduku pande zote mbili kikashuka, na kwa nyuma, kama video ilivyosema, kulikuwa na kifuniko kirefu cha plastiki. Akakibandua. Filta ikakataa kutoka. Akainama, akaikamata kwa mikono miwili, akavuta.

Ilitoka yote kwa mpigo. Kwanza maganda ya njugu, yakamwagika kifuani. Kisha karatasi zilizotafunwa vizuri, nyingine zikiwa bado na muhuri wa ofisi. Kisha panya mmoja mfu, aliyekauka akiwa amelala ubavu. Kisha wawili wazima, ambao hawakungoja kutambulishwa. Mmoja alichagua mkono wa koti jeupe.

Wepukhulu alicheza pale kando ya barabara ngoma ambayo haijapata jina. Panya alipotokea kwenye kola na kukimbilia mtaroni, ndipo Wakonyo alipofika na ufagio. Hakucheka.

"Daktari," aliuliza kwa heshima, "hii tunafunga siku ngapi?"

Wateja ndio waliocheka. Wakonyo alifagia, akampa maji na sabuni. Wepukhulu akasukuma filta mpya ndani upesi upesi, akafunga kila kitu, akaondoka bila kuaga.

Nyumbani alimwambia Lenah kwamba filta ilikuwa imezeeka tu. Lenah alikuwa ameshasikia yote sokoni. Alipeleka debe lake kwenye buti, akafunga mlango wa buti taratibu.

Jumamosi walisafiri kwenda Bungoma kumwona binti yao Joy. Mvua iliwakuta Kamukuywa. Wepukhulu akawasha feni. Ikaunguruma, lakini hewa haikutoka. Vioo vikafungwa na ukungu. Akapangusa kwa leso, akapangusa kwa kiwiko, mwisho akaendesha kichwa kikiwa nje ya dirisha.

"Filta ikiwa mpya huwa nzito mwanzoni," alisema, maji yakimwingia sikioni.

Walipofika Lugulu hakuona hata barabara. Akaegesha karibu na hospitali ya misheni. Lenah akafungua kisanduku, akakibana pande mbili, akachomoa filta kama mtu anayetoa sufuria kabatini. Ilikuwa bado ndani ya mfuko wake wa plastiki, na kibandiko cha bei juu.

"Baba Joy, kwa hii hata panya hangepumua."

"Video haikutaja mfuko."

Lenah alirarua plastiki kwa meno, akatafuta mshale unaoonyesha hewa inakopita, akairudisha. Kioo kikaanza kufunguka kutoka chini.

"Sasa sema ile maneno ya omena," Lenah alisema.

Wepukhulu alitazama wipa zikienda na kurudi. "Haikuwa omena."

"Mvua ni kubwa, sijasikia."

Akarudia kwa sauti. Muuguzi aliyekuwa akipita na mwavuli akageuka kutazama.

Bungoma, Joy aliuliza kwa nini baba amelowa upande mmoja tu. Wepukhulu akavuta kiti, akamsimulia jinsi gari lilivyomharibikia njiani katikati ya mvua na jinsi alivyolitengeneza peke yake, bila fundi, bila gharama. Lenah alimwacha amalize, kisha akaomba chai.