Shuka la Mboje

Magoti ndiyo yaliyomtoa Mboje machungani, si uzee. Uzee angeupuuza, kama alivyopuuza mvua, nyoka na maneno ya watu. Lakini magoti yalipogoma, alibaki uani kwa Justina, mwenye mifugo, pale Zagayu, akisikiliza kengele za ng'ombe zikienda bila yeye.

Alianza kuchunga ng'ombe na kondoo wa nyumba ile marehemu Malimi, mume wa Justina, akiwa bado kijana wa kupenda ngoma. Siku hizo malisho yalikuwa malisho kweli. Ulitoka asubuhi na mifugo, ukaenda mpaka miguu ichoke, na hukukanyaga shamba la mtu. Sasa pamba imekula kila upande, na mchungaji anapita kwenye kijia chembamba akimwomba Mungu kondoo wasiingie mahindi ya watu. Na kondoo, kwa kuingia mahindi ya watu, hawajambo.

Mboje alizikumbuka adhuhuri za kiangazi: kondoo wamesongamana, kila mmoja ameficha kichwa chini ya tumbo la mwenzake kukwepa jua, naye amejilaza kando, shuka lake limemfunika uso, anawasikia ng'ombe wakicheua. Hakuwahi kupata raha kama ile, wala wakati ule hakujua kwamba ni raha.

Kilichomtia hofu sasa ni mnada. Wachungaji wawili walikuwa wameshajaribu kushika nafasi yake wakashindwa, na sababu ilikuwa ng'ombe jike mmoja, Bi Harusi, aliyeitwa hivyo kwa maringo yake ya kutembea. Yeye ndiye aliyeongoza kundi. Akifika mtoni humgeukia mchungaji, humnusa, na akiona ni mgeni hurudi nyumbani, kundi zima nyuma yake. Justina alichoka. Akasema wazi kwamba Elia, mwanamume wa makamo kutoka Kasoli na mchungaji wa siku nyingi, ndiye wa mwisho. Naye akishindwa, mifugo yote inauzwa.

Elia alijitahidi. Alipiga mluzi, akabembeleza, akatoa chumvi mfukoni. Bi Harusi alilamba chumvi yote, kisha akarudi nyumbani.

Ndipo Mboje alipovua shuka lake. Lilikuwa na jasho la miaka, moshi, maziwa na samadi, na rangi yake ya kwanza hakuna aliyeikumbuka. Justina alishakimbilia beseni na sabuni ya unga, Mboje akamnyang'anya. Alimwagiza Elia alivae hivyo hivyo, kazini na kitandani, maji yasiliguse. Elia, mtu msafi, alibana pua akalivaa.

Kwa kuwa Mboje alibaki kifua wazi, Justina aliagiza shati jipya kutoka Bariadi. Mzee akaoga, akalivaa, akapendeza kama bwana shamba.

Wiki haikuisha, Bi Harusi akavuka mto nyuma ya Elia. Justina hakutaja tena mnada, na Mboje alifurahi sana. Alasiri moja furaha ile ikamtoa uani, akajikongoja mpaka njiani kuwalaki wanyama wake.

Bi Harusi alitangulia. Mboje akamwita jina, akanyoosha mkono. Masikio ya ng'ombe yakasimama, maana sauti aliijua. Akasogea, akaunusa ule mkono wa sabuni, akapuliza pua, kisha akamzunguka kwa mbali kama anavyokwepa miiba. Wengine wote wakamfuata, kondoo wakimalizia, bila hata mmoja kugeuka.

Iliuma. Iliuma kuliko magoti, na Mboje hakujificha. Alisimama pale na shati lake jipya, machozi yanamtoka.

Elia, aliyekuwa nyuma ya kundi, aliona yote. Alivua shuka, akamnyooshea kwa mikono miwili.

"Mwadila, baba," alimsalimu taratibu. "Livae kidogo, wakujue. Nitalichukua kesho."

Mboje alilipokea. Alilikandamiza usoni, akavuta pumzi ndefu. Kisha akalirudisha begani kwa Elia, akaliweka vizuri lisianguke.

"Kaa nalo," alisema. "Nikilivaa watanifuata mimi, na mimi sina tena pa kuwapeleka."