Kiingereza Tulichokisoma Kama Juzuu

Kila nikinusa majani ya mhogo yaliyopondwa, nalikumbuka darasa la saba, kijijini kwetu karibu na Kaole, mwanzoni mwa miaka ya sabini. Tulikuwa tukiyaponda pamoja na mkaa wa betri kuukuu, tukaupaka ubao hadi ukolee weusi, kisha mwalimu akaandika vitenzi vyake vya Kiingereza, vile vya jambo linaloendelea: go, going, write, writing, run, running. Nasi wana wa chuo cha Kurani tukavisoma kama tulivyozoea kusoma juzuu, kwa sauti moja huku tukiyumba, ishirini vyote, bila kuuliza. Swahiba yangu Mwanahamisi alitushinda wote kwa sauti. Ila ukimtaka kitenzi cha katikati, sharti aanzie go. "Usinikatize, shoga, ntapotea njia," alikuwa akisema, tukacheka.

Mwalimu simlaumu. Kanuni aliisema, ila mara moja, siku ya mvua, bati likinguruma. Mimi nilikaa mbele, nikasikia: ukitia ing, e ya mwisho hudondoka, na kitenzi kama run hurudia herufi yake ya mwisho. Mwanahamisi alikaa nyuma. Wiki ya mtihani wa kwenda sekondari akanifuata kisimani.

"Hii n ya pili imetoka wapi?"

"Ndivyo ilivyo. We soma tu."

Chuoni ilikuwa ada, aliyetangulia humkalisha mwenzake mkekani akamwonyesha. Kutoa ni moyo, tuliambiwa. Lakini nilikuwa nimesikia nafasi ni chache, nikabana.

Mtihani ukaleta vitenzi visivyokuwamo katika vile ishirini. Mimi nikachaguliwa, yeye akabaki. Sisemi ni kwa sababu yangu tu. Hesabu nazo zilimpiga chenga, na pengine hata ningemweleza asingepita. Sijui. Ninalolijua ni kwamba aliniuliza. Wala mimi sikufika mbali. Kidato cha pili nilikuwa nimesharudi nyumbani.

Siku hizi wajukuu zetu husomea barazani kwangu, na anayejua humfunulia mwenzake hata kabla hajaulizwa. Jana mmoja alikwama kwenye make. Mwanahamisi, aliyekuwa akichambua mchele, akamwambia, "Muulize bibi yako huyu. Darasa zima, yeye ndiye aliyekuwa na kichwa." Nikamweleza mtoto, e inayodondoka na hata ile n ya pili ya run. Maelezo hayakuchukua hata muda wa kuchambua kiganja kimoja cha mchele. Mwenzangu akasimamisha mikono juu ya ungo, akanitazama.

"Kumbe ni hivyo tu, shoga?"

Nikamwambia ndiyo, ni hivyo tu.