Upande wa Mtaro

"Kwa nini yeye alikuwa upande wa magari, na wewe upande wa mtaro?" Baba mdogo aliniuliza hivyo mbele ya watu, siku tuliyomzika bibi.

Nilikuwa likizo kutoka chuoni Kampala, msichana wa kubishia kila kitu: mahubiri, chifu, serikali ya Mwingereza, hata namna mama alivyomenya ndizi. Bibi alitaka nimsindikize mjini Arusha akanunue blanketi. Tulishuka mlimani kwa njia ya miguu, yeye upande wa juu, mimi upande wa korongo. Ndivyo tulivyolelewa Meru: mdogo hukaa upande wa kuanguka.

Chini tukaingia barabara mpya ya lami. Kushoto kwetu kulikuwa na mtaro wa mawe, kina chake cha kumfika mtu kifuani; kulia, magari. Ukingo uliobaki haukutosha watu wawili. Bila kufikiri nikashika upande wa mtaro, bibi akatembea juu ya lami. Lori la kwanza lilipopita na kutupeperusha nguo, nikasema, "Bibi, hebu njoo huku, mimi nikae huko."

"Ili nitumbukie ukinitazama?" Akacheka. "Kumbe huko Kampala mnafundishwa kuweka wazee mashimoni!"

Mimi, mbishi wa kila kitu, hilo sikulibishia. Lori la pili lilitokea nyuma yetu.

Baada ya matanga nilikwenda ofisi ya barabara. Karani, kijana wa rika langu, alinisikiliza kwa adabu.

"Pole sana, dada. Lakini ile ni barabara ya magari. Ninyi wa miguu mna njia yenu."

"Iko wapi?"

"Si ile ya zamani, inayopita..." Akasita. Sote wawili tulijua ilikopita. Lami ilikuwa imemwagwa juu yake.

Nilirudi chuoni nikiamini kuna mtu aliyeifuta njia yetu kwenye ramani. Nilimchukia bila kumjua, na chuki hiyo ilinipunguzia kidogo uzito wa swali la baba mdogo.

Miaka mingi baada ya uhuru, nikiwa kazini, niliiona michoro yenyewe ya barabara ile. Hakuna kilichofutwa. Miti ya maua ilikuwa imepimiwa nafasi, kila mmoja na kiduara chake. Mtu wa miguu hakuwahi kuchorwa.