Kaa Kwanza, Kisha Nikupime

Jumanne niliambiwa amefariki muuguzi niliyefanya naye kazi miaka ya tisini, katika hospitali ndogo kati ya Migori na Homa Bay. Mpenzi msomaji, sitakuficha: kabla ya huzuni nilishikwa na wivu. Aliyenipigia simu alisema watu wa bonde la Lambwe, kule mbali, wamejaa bomani kwake, wanalia. Nikajiuliza, mimi nikifa nani atatoka Lambwe? Hata katika kifo mama yule ananishinda, jamani!

Wivu wenyewe ni wa zamani. Tulikuwa na mashine ngeni, yenye kibanio cha kidole na taa nyekundu. Mwanga ulipenya kidoleni, na kalamu ikachora karatasini jinsi damu inavyopita. Kwa umbo la mchoro ule tulijua mishipa ya mtu ni laini au imekakamaa. Aliyepelekwa Nairobi kujifunza kuitumia ni mimi, si yeye. Basi siku moja akaja mwanamume wa Awendo, ameahidiwa kazi ya kuendesha trekta la miwa akipata cheti cha afya. Alikuwa ameendesha baiskeli njia nzima, kisha, kwa adabu zetu, akazunguka benchi lote akiwapa watu mkono mmoja mmoja. Nikambana kidole papo hapo. Mchoro ukatoka wa mzee wa miaka sabini. Nikaandika: hafai.

"Daktari, niko na watoto wanne," akasema. "Hiyo trekta ndio nilikuwa nategemea."

Muuguzi akaichukua karatasi mkononi mwangu, mbele ya foleni nzima. "Omera, ndugu yangu, kaa kwanza," akamwambia. "Moyo wako bado uko kwa barabara. Usiongee, usisalimie mtu." Akampima presha mara tatu, akingoja ishuke na mapigo yatulie, ndipo akamrudishia kibanio. Mchoro ukawa wa kijana. Presha ikiwa juu na moyo ukienda mbio, akanieleza kwa upole, mwanga unasoma safari ya mtu, hausomi mishipa yake. Upole ule ndio ulioniudhi zaidi. Mtu wa Awendo aliondoka na cheti chake, mimi nikabaki sijui niufiche wapi uso wangu.

Tangu hapo kila mgonjwa alikaa kwanza. Walipokuja wakubwa kutoka Nairobi kukagua, walisifu sana, wakauliza utaratibu huu ni wa nani. "Wangu," nikasema. Yeye alikuwa palepale, anakunja mkanda wa presha. Alinitazama kidogo tu, akaita mgonjwa mwingine. Mwaka huo nilipandishwa cheo. Yeye alistaafu na kile alichoanza nacho.

Utaratibu ule ulikuwa wake. Nimeandika safu hii miaka mingi, na kila wiki ningeweza kulisema hilo akiwa hai, alisome. Mwenzako akikushinda, mtaje angali anasikia.